Kizuri Hakijiuzi

Ipo methali moja ambayo imenitia hasara kuliko wezi wote waliowahi kuingia katika karakana yangu. Nayo ni hii: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Niliiamini kwa miaka mingi. Niliwafundisha vijana wangu waiamini. Nusura inifungie mlango wa kazi. Leo nataka kuisema, na sitamumunya maneno. Najua wapo watakaouliza, huyu ni nani hata abishane na wahenga? Mimi ni seremala tu. Lakini seremala naye ana haki ya kuikagua mbao aliyopewa kabla ya kuipigilia msumari.

Nilijifunza kazi Keko, wilaya ya Temeke, mwaka 1981. Anayeijua Dar es Salaam anajua kwamba Keko ni mahali pa samani. Makochi yamepangwa nje, vitanda vimeegemezwa ukutani, na vumbi la mbao linakukaribisha kabla ya mwenyeji. Miaka ile ilikuwa migumu. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979 vikaacha nchi haina kitu. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, khanga kwa foleni. Mwaka 1983 serikali ikaanza kuwasaka wahujumu uchumi. Katika hali hiyo fundi aliyenifundisha alikuwa kama mfalme. Mteja alifika amevua kofia, akaamkia, akatoa misumari aliyoihangaikia miezi miwili, kisha akangoja. Akiuliza kazi itakwisha lini, fundi alimjibu "Njoo wiki ijayo" bila kuinua uso kwenye randa. Na mteja alirudi wiki ijayo, na wiki iliyofuata, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda.

Sisi vijana tuliokuwa tunafagia maranda tuliyaona hayo tukadhani ndiyo heshima ya ufundi. Kumbe ilikuwa heshima ya uhaba! Mwaka 1984 biashara ilianza kulegezwa, watu wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Mwaka baada ya mwaka maduka yakajaa. Vikaja viti vya plastiki, yakaja makochi kutoka nje, vikaja vitanda vya vyuma. Foleni ikafa. Lakini mafundi tukabaki na tabia za foleni. Tulikaa kwenye mabenchi yetu tukingoja mtu aje amevua kofia. Asipokuja, tulisema watu wa siku hizi hawajui kitu kizuri.

Mwaka 1994 nilifungua karakana yangu mwenyewe. Nasema bila majivuno kwamba kazi yangu ilikuwa safi. Kabati langu hupigi msumari mahali panapotaka ulimi na tundu. Mlango wangu hausugui sakafu masika. Nikaweka kabati moja la mninga nje, nikakaa ndani, nikaingoja methali ifanye kazi yake. Kabati likapigwa jua, likapigwa vumbi, mbuzi wa jirani akajikuna nalo. Miezi minne! Ng'ambo ya barabara palikuwa na mwenzangu ambaye, Mungu anisamehe, viungo vyake vilikuwa vinacheza kama meno ya mzee. Yeye alikuwa na kazi mpaka usiku, taa ya karabai inawaka.

Tulimsema vipi yule bwana? Tulisema ana dawa. Tulisema kaenda kwa mganga, kazika kitu chini ya kizingiti. Mtanzania akishindwa katika biashara, mganga wa jirani yake ndiye anayelaumiwa kwanza, na vitu vya nje vinafuata. Sikumwona hata mmoja wetu aliyefanya jambo rahisi, yaani kumwuliza. Mimi nilimwuliza baada ya miaka, tulipokuwa tumeshazeeka kidogo wote wawili. Akacheka. Akaniambia dawa yake ilikuwa viatu. Kila Jumapili alikuwa anavaa viatu anakwenda kuwaona watu aliowahi kuwatengenezea kitu: kile kitanda kinaendeleaje, mtoto alipona, yule bawaba hajalegea? Akiona bawaba limelegea alilikaza papo hapo, halipwi. Akirudi nyumbani alikuwa amekwisha kutajiwa jirani anayemwoza binti mwezi ujao, na anayemwoza binti anataka kitanda na kabati.

Sasa turudi kwa wahenga. Sisemi kwamba walisema uongo. Nasema walisema kweli ya mahali pengine. Katika kijiji, kila mlango una jina. Ukipita, unajua huu aliutengeneza fulani mwana wa fulani, na umekaa miaka ishirini. Kitu kizuri pale hakikujiuza hata siku moja. Kiliuzwa na midomo ya watu waliomjua aliyekitengeneza. Wahenga hawakuona haja ya kulisema hilo kwa kuwa lilikuwa kama hewa. Ukiichukua methali hiyo ukaileta Mbagala au Tegeta, ambako mtu hajui jina la mpangaji wa chumba cha pili, umeleta samaki bila maji.

Tena kuna jambo jingine ambalo kila fundi analijua na kila mteja analihofia. Uzuri wa kazi yetu hauonekani. Umefichwa chini ya vanishi. Mbao ya paini ikipakwa rangi vizuri, mtu asiye fundi ataiita mninga na kulipia bei ya mninga. Mbao mbichi na mbao kavu siku ya kununua ni mapacha. Tofauti utaiona baada ya miezi sita, mlango umepinda kama upinde wa mvua. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, magari yakawa yanapita moja kwa moja kutoka kusini, na mbao za kusini tulizipata kwa wingi. Nyingine zilifika bado zinatoa maji. Mteja atajuaje? Hajui, na anajua kuwa hajui. Kwa hiyo hanunui mlango. Ananunua neno la mtu. Basi niambie, kama uzuri umefichwa, utajiuzaje? Kinachoweza kuonekana ni fundi mwenyewe: anasalimiaje, anaahidi nini, anatimiza nini.

Haya, wengine watasema sasa huyu mzee amefika pale wanapofundisha walimu wa semina. La, hasha! Hao nao nina neno nao.

Mwaka 2005, mambo yangu yakiwa mabaya, nililipa ada nikahudhuria semina ya siku mbili katika ukumbi mmoja wa Kinondoni. Mwalimu alivaa tai nyekundu. Alituambia kwamba kila mtu unayekutana naye ni mteja mtarajiwa: kwenye daladala, kanisani, msikitini, harusini, msibani. Usimwache mtu aondoke bila kadi yako. Hesabu kadi ulizogawa kila jioni kama unavyohesabu mauzo. Nilimwamini. Nikachapisha kadi mia tano.

Wiki mbili baadaye mtaani kwetu Temeke alifariki baba mmoja, jirani wa nyumba ya nne kutoka kwangu. Nilikwenda msibani, na kadi zangu mfukoni. Chini ya turubai walikuwapo watu wengi wageni, ndugu waliotoka mikoani, wafanyakazi wenzake marehemu. Nikakumbuka tai nyekundu. Nikaanza kumsogelea mmoja mmoja. "Pole sana, ndugu yangu. Mimi ni fundi samani, hapa hapa jirani." Na kadi. Nilikuwa nimegawa kama kumi na mbili hivi, ya mwisho nikampa shemeji wa marehemu aliyekuwa ameinamia daftari la rambirambi, nilipoisikia sauti kutoka kwenye mkeka. Alikuwa bibi mmoja wa mtaani kwetu ambaye watoto wetu wote walipitia mikononi mwake.

"Mwanangu," alisema, wala hakupaza sauti, "umekuja kuzika, au umekuja kupima majeneza?"

Turubai zima lilinyamaza. Sikujibu. Ningejibu nini? Nilikaa kidogo kwa aibu, kisha nikaondoka kabla ya mazishi, na hilo likawa kosa la pili kubwa kuliko la kwanza. Kwa muda wa mwaka mzima hakuna mtu wa mtaa ule aliyeniletea hata kiti cha kugongea msumari. Mke wangu alikuwa anarudi sokoni hasemi kitu. Watoto wa mtaani waliniita Fundi Jeneza. Mwaka 2006 nilihamisha karakana nikaenda Charambe, Mbagala. Watu niliwaambia nafuata kodi nafuu. Kweli kodi ilikuwa nafuu. Lakini nilikuwa nakimbia.

Kwa hiyo ninaposema kwamba mfanyabiashara mdogo anaishi kwa watu, sizungumzii jambo nililolisoma. Nimekosea pande zote mbili. Nimekaa kwenye benchi nikingoja watu kwa kiburi, na nimewawinda watu kwa tamaa. Na ninavyoona mimi, makosa hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Anayengoja anamwona mtu kuwa ni pochi itakayokuja yenyewe. Anayewinda anamwona mtu kuwa ni pochi ya kukimbiliwa. Wote wawili hawajamwona mtu.

Charambe ndiko nilikofunguliwa macho, na aliyenifungua ni nyumba isiyo na paa. Wewe unayekaa pembezoni mwa mji huu unazijua: Chamazi, Kongowe, Bunju, Goba. Mtu anaweka msingi mwaka huu. Anasimamisha kuta mwaka kesho kutwa akipata fedha. Boma linakaa, nyasi zinaota sebuleni, popo wanaingia chumbani. Anaezeka siku akimaliza ada za watoto. Ndipo milango. Kati ya tofali la kwanza na mlango wa kwanza inaweza kupita miaka mitano, hata zaidi. Mimi miaka yote nilikuwa nawaangalia wenye nyumba zilizoezekwa, nagombania huko na mafundi ishirini. Maboma niliyapita kama makaburi.

Siku moja napita Chamazi, namwona mwashi anajenga, na mwenye nyumba, mama mtu mzima, amesimama pembeni na mwavuli. Jicho langu likaona kwamba nafasi ya mlango wa mbele imeachwa fupi. Lenta ikikaa pale, fremu ya kawaida haitaingia. Itabidi kuja kuvunja, au kutengeneza mlango wa kuinamia. Nikapiga hodi. "Shikamoo mama. Samahani, mimi napita tu. Pima pale kabla hamjafunga." Mwashi alinitazama kwa chuki, lakini akapima. Nikamwambia yule mama na jambo la pili: fedha ya mbao ikipatikana mapema, ainunue mbao aiweke ndani kwa miaka hii ya kungoja, ikauke pole pole kivulini, atakuja kunishukuru. Akaniuliza, "Wewe ni fundi gani?" Nikamwambia. Sikuwa na kadi. Zilizobaki nilikuwa nimezichoma.

Miaka mitatu na miezi kadhaa nilipita njia ile, tukisalimiana, nikimpa pole alipougua, yeye akinipa hongera nilipooza binti. Hatukutajiana milango. Siku alipoezeka, alinitumia mtoto: "Bibi anasema zile mbao zimekauka." Milango saba, na baadaye kabati la vyombo, na baada ya hapo wanawe wawili waliojenga Toangoma. Yule mwashi aliyenichukia ndiye leo ananipigia simu akiona fremu inatakiwa, nami namtaja kwa kila anayeniuliza mwashi. Hatupeani cha juu. Cha juu ni sumu, maana kinamfanya mteja alipe gharama ya urafiki wetu bila kujua.

Jambo hili si la maseremala peke yao. Mwezi Oktoba mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo walipoondolewa pembezoni mwa barabara katika jiji hili, niliona wengi wakirudi mikono mitupu. Jirani yangu mmoja, mama anayeuza uji na chapati Rangi Tatu, alihamishwa na wenzake kwenda mahali ambapo hapakuwa na mpita njia. Chapati zake si tamu kuliko za wengine, na naomba asinisikie. Lakini alikuwa anajua dereva gani ana kisukari asiwekewe sukari, kondakta gani anatoka saa kumi alfajiri, nani mke wake amejifungua. Wiki ya pili wateja wake walikuwa wamemfuata. Wa jirani zake walikwenda kwa mwuzaji yeyote aliye karibu, kwa maana walikuwa wateja wa barabara, hawakuwa wateja wa mtu.

Sasa nisikie wanaonipinga, kwa maana hoja yao ina uzito. Wanasema kujuana ndiko kulikotuua. Kujuana ndiko kulikozaa undugunaizesheni katika mashirika. Katika biashara ndogo, kujuana ni kukopwa. Jirani anakuja na tabasamu, anataka bei ya kindugu, anachukua kitanda, halafu anabadilisha njia ya kupita. Ndiyo maana wenye maduka wameandika ukutani: leo fedha, kesho mkopo.

Nakubali. Nimekopwa hadi nikauza mashine ya kuranda. Lakini tazameni duka la Mangi au la Mpemba mtaani kwenu. Yule anakopesha, na hafi. Kwa nini? Kwa sababu ana daftari, na "mali bila daftari hupotea bila habari." Daftari lile ni kitabu cha kuwajua watu. Anajua nani analipwa tarehe ishirini na tano, nani analipwa kwa wiki, nani halipi mpaka aambiwe mbele ya mkewe. Anamnyima mmoja na kumpa mwingine, na wote wanabaki wateja. Asiyejuana na watu ndiye anayekopesha ovyo, kwa kuwa hajui kukataa. Na hajui kukataa kwa kuwa hana uhusiano wa kutosha kuuhimili mkato mmoja. Mimi bei yangu ni moja kwa ndugu na kwa mgeni. Ndugu nampa kitu kingine: namwambia kweli kuhusu mbao, na kazi yake inakwisha siku niliyosema.

Na hapo ndipo kidonda chetu chenyewe kilipo, mafundi wenzangu, na msikasirike. Tunalia kwamba watu wanakimbilia makochi ya kutoka nje. Wengine wanafuata urembo, sawa. Lakini waulizeni wengi wao, watawaambia wamechoka na "njoo kesho." Tunapokea kianzio cha mteja wa leo ili tumalize kazi ya mteja wa jana, na ya leo tutaimaliza kwa kianzio cha kesho. Simu ikilia tunaizima. Mtu huyo anakwenda dukani, analipa ghali, anachukua kochi litakalobonyea baada ya miaka miwili, na anarudi nyumbani na furaha kwa sababu hajadanganywa tarehe. Hapo aliyemfukuza ni fundi, si Mchina. Usimtabasamie mteja, usimwulize habari za watoto, kama huna nia ya kuishika tarehe yake. Uhusiano wa biashara unaanza na tarehe. Salamu na pole ni za baadaye.

Naijua pia biashara isiyohitaji haya yote. Wachongaji wa vinyago pale Mwenge, wilaya ya Kinondoni, wanamwuzia mgeni wa siku moja ambaye kesho yuko kwenye ndege. Huyo unaweza kupatana naye bei kwa ujanja na maisha yakaendelea. Lakini wewe unayemwuzia jirani, mwenye saluni Tandika, mwenye cherehani Manzese, mwenye genge Kimara, mteja wako hapandi ndege. Utakutana naye kisimani, klinikini, na kaburini.

Yule bibi wa mkekani alifariki mwaka 2014. Nilipata habari nikiwa Charambe. Nilikaa kitandani usiku nikijiuliza niende au nisiende, maana sikuwa nimekanyaga mtaa ule kwa muda mrefu. Mke wangu akasema, "Safari hii kaa mpaka mwisho." Nilikwenda. Nilikaa kwenye mkeka, nikabeba, nikatupia udongo, nikarudi nikala na wenzangu, nikalala hapo siku ya kwanza na ya pili. Hakuna aliyeniuliza siku hizi nafanya kazi gani. Wazee wawili waliniita kwa jina langu. Siku ya tatu mmoja wa wanawe alinionyesha benchi la barazani, mguu umekatika, akaniambia mama alikuwa analipenda. Nikalichukua.

Kijana unayefungua karakana mwaka huu, fanya kazi nzuri, kwa maana bila hiyo haya yote ni ulaghai. Lakini usidhani itajiuza. Haina miguu, haina mdomo, na uzuri wake umefunikwa na vanishi. Vaa viatu Jumapili, nenda ukaangalie bawaba.